Gia za Sumaku: Kufundisha Nguvu Ipitayo Bila Kugusana

Katika somo la sumaku, aghalabu mwalimu huishia kwenye kanuni moja: ncha zinazofanana hufukuzana, na zisizofanana huvutana. Mtoto huikariri, huiandika katika mtihani, kisha huisahau. Katika makala haya tutaeleza jinsi kanuni hiyo inavyoweza kuendesha mashine, na jinsi ya kuifundisha kwa kuhesabu.

Gia ya kawaida hupitisha nguvu kwa meno yanayosukumana. Meno hayo hulika, hupiga kelele, huhitaji mafuta, na mzigo ukizidi huweza kuvunjika. Katika gia ya sumaku, mahali pa meno huwekwa ncha za sumaku, kaskazini na kusini kwa kupokezana. Ncha za gurudumu moja huvuta ncha za gurudumu la pili, nalo hufuata ingawa hayagusani.

Zana yake si ngumu kutengeneza. Tukate magurudumu mawili ya ubao mwembamba, moja lenye kipenyo cha sentimita 5 na jingine sentimita 10. Ukingoni mwa dogo tubandike sumaku 6, na mwa kubwa sumaku 12, kwa nafasi zilizo sawa. Idadi ya sumaku katika kila gurudumu haina budi kuwa shufwa, ama sivyo ncha mbili zinazofanana zitakaa jirani. Kila gurudumu lizunguke juu ya msumari wake, na kingo ziachane kwa milimita chache.

Kabla ya kuzungusha, tuwaulize watoto: gurudumu kubwa litazunguka? Upande gani? Mara ngapi? Kila mmoja aandike jibu lake. Kisha tutie alama za chaki na kuhesabu pamoja. Dogo likizunguka mara 2, kubwa huzunguka mara 1 kwa upande wa kinyume, kwa kuwa 12 ÷ 6 = 2. Mwishowe tulishike kubwa lisizunguke. Dogo litaruka kutoka ncha moja hadi nyingine, wala hapana kitakachovunjika. Hapo mtoto huona kwamba nguvu isiyogusa nayo ina kikomo chake.

Gia yetu ni dhaifu kwa sababu ni sumaku chache tu zinazoelekeana kwa wakati mmoja. Mwaka 2001, Kais Atallah na David Howe wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walieleza muundo unaozitumia sumaku zote pamoja. Gurudumu la ndani lina jozi 4 za ncha, la nje lina jozi 22 na limelizunguka lile la ndani, na kati yao vimesimamishwa vipande 26 vya chuma. Vipande hivyo huubadili mpangilio wa nguvu ya sumaku, hata jozi 4 zikaweza kushikana na jozi 22, maana 26 − 4 = 22. La ndani huzunguka mara 5.5 la nje lizungukapo mara 1, kwani 22 ÷ 4 = 5.5. Mwendo hupungua, bali nguvu ya kuzungusha huongezeka.

Mtoto aonaye gurudumu likizunguka bila kuguswa huweza kudhani ni mazingaombwe. Tukimwacha hapo, tumemburudisha tu. Akihesabu ncha na kubashiri mizunguko kabla ya kuiona, tumemfundisha sayansi.