Yeoville na Kiswahili chake

Johannesburg ilikuwa na umri wa miaka minne tu mwaka 1890, Thomas Yeo Sherwell alipogawa viwanja kilimani, mashariki mwa mji, na kukiita kitongoji chake Yeoville. Matajiri waliahidiwa hewa safi, mbali na vumbi la migodi. Waliokuja zaidi ni watu wa kipato kidogo. Baadaye wakaja Wayahudi wengi. Sheria ya 1950 ya kutenga maeneo kwa rangi ilikiweka upande wa wazungu, lakini miaka ya 1980 weusi walikuwa wakipanga humo hivyo hivyo, hadi sheria ikafutwa 1991. Kisha wakafika Wazimbabwe, Wanigeria, Wakameruni na, kwetu sisi la muhimu zaidi, Wakongo.

Nenda soko la mtaa wa Rockey. Mama wa Bukavu anauza sombe. Jirani yake wa Kinshasa anaiita pondu. Mtanzania akipita ataulizia kisamvu. Ni majani yale yale ya muhogo! Utasikia pia "batu" badala ya watu.

Wapo wanachama wanaosema hicho si Kiswahili. Hatukubali. Baadhi yetu tuliimbiwa na kugombezwa kwa hicho hicho kabla ya kujua ngeli ni nini, na mjini humu ndicho chenye wasemaji wa kuzungumza nao kila siku. Walimu wetu, tunaomba kipindi kimoja kifanyike pale, Jumamosi asubuhi, kila mtu na daftari lake na hela kidogo ya sombe.