Misingi, Unyevu na Chokaa: Ufafanuzi wa Udhaifu na Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Songo Mnara, Kilwa

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna misingi ya nyumba za mawe za Songo Mnara, Wilaya ya Kilwa, Mkoa wa Lindi, inavyokabiliana na maji, namna inavyodhoofika, na kanuni zinazopaswa kuongoza ukarabati wake. Nyumba hizo zimesimama juu ya mchanga na mwamba wa matumbawe. Kwa hiyo, tatizo lake linatofautiana na lile la nyumba zilizojengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba na kusinyaa. Hata hivyo, chanzo cha matatizo yote mawili ni kimoja, nacho ni maji yasiyoelekezwa. Hoja kuu ni kwamba ukarabati unaoziba ukuta kwa saruji kabla ya kuyaondoa maji kwenye kitako chake huharakisha uharibifu uliokusudiwa kuzuiwa.

1.0 Utangulizi

Songo Mnara ni kisiwa kilichopo kusini mwa Kilwa Kisiwani. Mji wake wa mawe ulistawi kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Ndani ya ukuta wa mji huo yamesalia magofu ya misikiti mitano, jumba kubwa na nyumba za makazi zipatazo 33. Mwaka 1981, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yaliondolewa humo baada ya kazi za uhifadhi.

Sababu zilizotajwa wakati magofu hayo yalipotangazwa kuwa hatarini zinahusu moja kwa moja mada ya makala hii. Upande wa mashariki wa jumba la Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, ulikuwa ukitoweka kidogo kidogo. Maji ya mvua yalikuwa yakiuchukua udongo na kuziacha kuta zilizo ukingoni mwa genge bila tegemeo. Uoto uliosaidia kuushika udongo huo ndio huo huo uliokuwa ukipasua kuta. Kwa maneno mengine, hatari kubwa ilianzia chini, kwenye ardhi inayobeba jengo.

Tafiti za usanifu na akiolojia, tangu kazi ya Peter Garlake (1966) na ya Neville Chittick (1974) hadi uchimbuaji ulioongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher kuanzia mwaka 2009, zimeeleza kwa kina mpangilio wa majengo ya Kilwa na Songo Mnara na maisha ya wakazi wake. Makala hii inajikita katika swali finyu zaidi: nyumba hizo zilijilindaje dhidi ya unyevu wa ardhini, na ulinzi huo unavunjikaje?

2.0 Mfinyanzi na Matumbawe: Tabia Mbili za Ardhi

Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana zenye uwezo wa kushika maji. Baadhi ya aina zake, hasa udongo mweusi wa mbuga, huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Nyumba nyepesi yenye msingi mfupi hunyanyuliwa upande mmoja na kudidimia upande mwingine, kwa kuwa ardhi iliyo chini ya katikati ya nyumba hubaki na unyevu wake ilhali ile ya pembezoni hulowa na kukauka kila mwaka. Nyufa za mshazari huanzia kwenye pembe za milango na madirisha, na upana wake hubadilika kulingana na majira. Nchini Tanzania, tatizo hili limechunguzwa katika eneo la Kibaha, Mkoa wa Pwani, katika tasnifu ya uzamivu ya Charles Lucian (2008). Tiba yake hulenga kuufanya unyevu wa ardhi usibadilikebadilike: kuyapeleka maji ya paa mbali na msingi, kuepuka miti mikubwa karibu na kuta, kuondoa udongo unaovimba na kujaza kifusi cha moramu, na kufunga mkanda wa zege lenye nondo.

Ardhi ya Songo Mnara ni ya aina nyingine. Mchanga uliolala juu ya mwamba wa matumbawe hauvimbi, na maji hupenya haraka. Kwa sababu hiyo, msingi usio wa kina kirefu uliweza kubeba ukuta mnene wa mawe bila ufa. Udhaifu wa ardhi hii uko katika mambo mawili. Kwanza, mchanga huchukuliwa kwa urahisi na maji yanayotiririka, hivyo jiwe la chini hubaki likining'inia. Pili, maji ya ardhini yako karibu na uso wa kisiwa na yanaathiriwa na bahari. Chumvi yake hupanda pamoja na unyevu. Kwa hiyo, mkaguzi anayeona ufa Songo Mnara hapaswi kuufasiri kama angeufasiri Kibaha. Ufa wa Kibaha huonesha ardhi inayosogea, ilhali ule wa Songo Mnara, kwa kawaida, huonesha ardhi iliyoondoka, mzizi uliopenya, au kiungo cha chokaa kilicholika.

3.0 Namna Waashi wa Kale Walivyodhibiti Unyevu

3.1 Mawe na Chokaa

Waashi walitumia aina mbili za mawe ya matumbawe. Matumbawe laini yaliyotolewa baharini yalichongwa yakiwa bado mabichi, nayo yalitumika katika mihrabu, miimo ya milango na matao. Mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu yalitumika katika mwili wa ukuta. Mawe hayo yalishikamanishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ikomae kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Chokaa ya namna hiyo hukauka polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa, na hatimaye hurudi kuwa jiwe la aina ile ile iliyochomwa. Ina vinyweleo vingi. Unyevu unaoingia katika ukuta huweza kutoka kupitia viungo na lipu, hivyo ukuta hulowa na kukauka bila kuharibika sana. Aidha, chokaa ni laini kuliko jiwe. Panapotokea msukumo mdogo, kiungo hukubali kuumia kabla ya jiwe, na kiungo ni rahisi kujazwa upya.

3.2 Kuinua Sakafu Badala ya Kuchimba Chini

Nyumba za Songo Mnara hazikuwa na vyumba vya chini ya ardhi. Vyumba viliinuliwa juu ya kifusi cha mchanga na vipande vya mawe kilichoshindiliwa ndani ya kuta za msingi, kisha kikafunikwa kwa sakafu ya chokaa. Mtu aliingia nyumbani kwa kupanda ngazi, na kutoka vyumbani aliteremkia ua uliokuwa chini kuliko sakafu za vyumba. Mpangilio huu ulikuwa na maana ya heshima na mapokezi ya wageni, lakini ulikuwa pia na faida ya kiufundi. Kifusi cha chembe kubwa hakinyonyi maji kwa urefu mwingi, hivyo sakafu ilitenganishwa na ardhi yenye unyevu. Jamvi la nyumba za leo, linalomwagwa juu ya kifusi cha mawe, linafuata mantiki hiyo hiyo.

Haiwezi kusemwa kwamba waashi hao hawakujua kuzuia maji yasipenye. Birika za misikiti na bwawa lenye pembe nane la Husuni Kubwa ni ushahidi kwamba waliweza kujenga chombo cha mawe na kukipaka lipu nzito ya kuhifadhi maji. Ujuzi wa kuziba ulikuwapo, ila waliutumia pale palipohitaji maji yabaki ndani. Katika nyumba walichagua kuinua na kuacha ukuta upumue. Tofauti hii ndiyo funguo ya kuuelewa ukarabati ufaao.

4.0 Njia za Uharibifu

Ulinzi ulioelezwa hapo juu ulitegemea paa. Paa za nyumba hizi zilikuwa za boriti za mikoko zilizobeba mawe bapa na tabaka nene la chokaa iliyopondwa. Boriti zilipooza, paa liliangukia ndani ya vyumba, na tangu hapo uharibifu umefuata njia nne.

Njia ya kwanza ni mvua kuingia kwa juu. Kichwa cha ukuta kisichofunikwa hupokea maji ya miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Mei, na maji hayo huosha chokaa ya katikati ya ukuta hadi kwenye msingi. Njia ya pili ni maji kutuama. Kifusi cha paa lililoanguka huzuia mkondo wa ua, na ua uliokusudiwa kuwa mahali pa kupumzikia hugeuka bwawa linalolowesha kitako cha kuta zote zinazouzunguka. Njia ya tatu ni chumvi. Unyevu unaopanda ukutani hukauka karibu na uso, na chumvi iliyobaki hujenga fuwele ndani ya vinyweleo; fuwele hizo husukuma na kulimenya jiwe, hasa katika sehemu ya chini ya ukuta. Njia ya nne ni mizizi, ambayo hufuata unyevu ndani ya viungo na kuvipanua kadiri inavyonenepa.

Kwa majengo ya ufukweni huongezeka mawimbi. Wakati wa bamvua, bahari hukwangua mchanga chini ya kuta. Gereza la Kilwa Kisiwani, ngome ambayo historia yake inaanzia kwa Wareno mwaka 1505 na iliyojengwa upya baadaye na Waomani, limepoteza sehemu zake kwa namna hiyo.

5.0 Tatizo la Saruji

Fundi anayeona kitako cha ukuta kikimenyeka huvutiwa kukipaka saruji, kwa kuwa hukauka haraka, hupatikana madukani na huonekana imara. Katika nyumba ya tofali za saruji yenye tabaka la nailoni au lami kati ya msingi na ukuta, uamuzi huo unaweza kufaa. Katika ukuta wa matumbawe usio na tabaka hilo, matokeo huwa kinyume.

Lipu ya saruji huruhusu unyevu kidogo sana kupita. Maji yanayonyonywa kutoka ardhini hukosa mahali pa kutokea, nayo hupanda juu zaidi hadi yanapopata sehemu isiyozibwa. Chumvi huhamia huko, na mpaka wa uharibifu hupanda pamoja nayo. Wakati huo huo, jiwe lililo nyuma ya saruji hubaki limelowa na kulainika bila kuonekana. Lipu inapobanduka baada ya miaka, huondoka na uso wa jiwe. Kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko matumbawe, msukumo wowote huvunja jiwe na kukiacha kiungo kizima. Katika jengo la urithi, hasara hiyo haiwezi kulipwa, kwa kuwa jiwe lililochongwa karne sita zilizopita halina badala.

Athari zake haziishii kwenye magofu. Kilwa Kivinje bado ina nyumba za mawe na chokaa za karne ya 19, na baadhi yake zinakaliwa. Mwenye nyumba anayetumia akiba yake kuzungushia ukuta saruji hununua miaka michache ya mwonekano mzuri kwa gharama ya ukuta wenyewe.

6.0 Mpangilio wa Hatua za Ukarabati

Kutokana na ufafanuzi huu, hatua za ukarabati zinapaswa kufuatana kama ifuatavyo:

(a) Kuyaelekeza maji. Kifusi huondolewa uani chini ya usimamizi wa wanaakiolojia, kwa kuwa sakafu na tabaka zake ni ushahidi. Kisha ardhi hupewa mteremko unaopeleka maji mbali na kuta.

(b) Kukata uoto bila kung'oa. Mti hukatwa na shina lake kuuliwa. Mzizi ulioshika mawe huachwa hadi ukuta utakapoegemezwa.

(c) Kujaza chini ya msingi uliofukuliwa. Kazi hufanywa kwa vipande vifupi vinavyopishana, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ili ukuta usikose tegemeo kwa urefu mkubwa kwa wakati mmoja.

(d) Kujaza viungo na kufunika kichwa cha ukuta kwa chokaa, kuilinda dhidi ya jua kali, na kuinyunyizia maji ili isikauke haraka.

(e) Kulinda ufuko, ikiwa ni pamoja na kuhifadhi na kupanda mikoko inayopunguza nguvu ya mawimbi.

Hatua hizi zinaafikiana na Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaotaka urejeshaji ukome pale dhana inapoanza na sehemu mpya zitofautishwe na za kale. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Mambo ya Kale, ambayo ndiyo msingi wa ulinzi wa magofu haya nchini.

Pamoja na hayo, matumizi ya chokaa yana ugumu wake. Kuchoma matumbawe kwa magogo ya mikoko, kama walivyofanya wahenga, kungeharibu miamba ya bahari na misitu ile ile inayokinga ufuko. Njia iliyo salama ni kutumia mawe yaliyokwisha kuanguka kwenye magofu na chokaa inayotokana na mawe ya nchi kavu. Ugumu mwingine ni wa ujuzi: kuzima na kukomaza chokaa huhitaji subira na mazoezi, na fundi asiyepata kazi ya chokaa hawezi kumrithisha mwanafunzi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba nyumba za Songo Mnara zilidumu kwa kutengana na maji kwa njia ya kuinua, kuelekeza na kupumua. Ardhi ya mfinyanzi hudai unyevu usiobadilika. Ardhi ya matumbawe hudai mchanga usiochukuliwa na ukuta unaoweza kukauka. Katika hali zote mbili, kazi ya kwanza ya mkarabati iko nje ya nyumba, mahali maji yanapotoka. Kwa hiyo, fedha za kwanza za mradi wowote wa uhifadhi Kilwa zinapaswa kuelekezwa kwenye mikondo ya maji na mafunzo ya waashi wa chokaa, kabla ya kununuliwa mfuko wowote wa saruji.