Kipawa ni Amana: Maneno kwa Wanafunzi wa Usanifu na Wazee Wao

Katika majira ambayo wakulima wa Singida huitazamia mvua ya kwanza, wako vijana wa Ikungi, Iramba, Mkalama na Manyoni wafungao mizigo yao kwenda vyuoni. Wengine hawaendi mbali. Huingia chuo cha ufundi cha VETA mjini Singida. Wengine husafiri mwendo wa zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam, kuingia Chuo Kikuu cha Ardhi, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, ambako hufundishwa usanifu wa majengo. Miongoni mwa vijana hao wamo wanaotamani kusanifu nyumba, nguo, vyombo vya nyumbani, au nakshi na maandishi. Na nyuma ya kila mmoja wao pana nyumba iliyouza kitu: magunia ya alizeti, vitunguu vya msimu mzima, au fahali aliyekuwa akiba ya ukoo.

Fahali huyo haonekani katika sanduku la kijana, lakini ndiye mzigo ulio mzito kuliko yote. Kijana akiketi mezani kuchora, haioni karatasi peke yake. Huwaona wazee wake wakimngojea. Basi hukesha usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Mwalimu akimwambia kuwa dirisha limewekwa pasipofaa, yeye husikia kuwa ni yeye mwenyewe asiyefaa. Akifungua simu yake huona kazi za mafundi wa dunia nzima, zilizokwisha kusafishwa na kupambwa, akazilinganisha na mchoro wake wa jana ambao bado haujakauka wino. Miezi ikipita, mkono uliokuwa mwepesi huwa mzito, na kijana aliyekuwa akichora juu ya mchanga tangu utoto wake huanza kuichukia kalamu.

Wataalamu wa zama zetu wameyaona mambo haya na kuyaandika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliutaja uchovu wa kupindukia utokanao na kazi, likaeleza kuwa si ugonjwa, bali ni hali yenye dalili tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi aifanyayo, na kujiona kuwa hawezi tena kuifanya ipasavyo. Shirika hilo lilisema juu ya kazi za ajira. Lakini mwenye mwana chuoni akizitazama dalili hizo, hapana shaka atazitambua.

Sisi Waislamu tulifundishwa dawa yake zamani. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza, akaambiwa kuwa ni kamba ya Bibi Zainab (R.A.), naye akichoka katika sala hujishikiza kwayo. Mtume akaamuru ifunguliwe, na akafundisha kuwa mtu asali maadamu ana nguvu, na akichoka apumzike. Tazama, ndugu msomaji: jambo lenyewe ni ibada, na mwenyewe ni mama wa waumini, na juu ya hayo kamba ikafunguliwa. Itakuwaje basi kwa mchoro wa nyumba au mshono wa kanzu? Kijana anayejishikiza kwa vikombe vya kahawa na vinywaji vya kumfukuzia usingizi amejifungia kamba ile ile, naye hudhani kuwa kufanya hivyo ndiyo bidii.

Bidii ya kweli si hiyo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ijapokuwa kidogo. Katika Qurani tunasoma jinsi Mwenyezi Mungu alivyomlainishia Nabii Daud (A.S.) chuma, akamwamrisha kutengeneza deraya na kuzipima vyema pete zake. Kupima ndio moyo wa usanifu, na mtu ambaye macho yake hayakupata usingizi hapimi sawa. Kwa hiyo kulala ni sehemu ya kazi.

Ama kujiamini, wengi hudhani kuwa ni zawadi ya kuzaliwa nayo, au kwamba huja kwa kusifiwa. Lau ingekuwa hivyo, asiyesifiwa asingefika popote. Msanifu mkubwa wa dola ya Uthmaniya, Sinan, alipomaliza msikiti wa Şehzade mjini Istanbul mwaka 1548, umri wake ulikuwa umekwisha kupita miaka 50. Husimuliwa kuwa msikiti huo aliuita kazi ya mwanafunzi. Na ule wa Süleymaniye, uliokwisha mwaka 1557, aliuita kazi ya fundi aliyeanza kukomaa. Kazi ya ustadi wake aliuita msikiti wa Selimiye wa Edirne, uliomalizika katika miaka ya 1570, naye ni mzee sana. Mtu wa namna hii hakuwa na unyonge wala majivuno. Alijua kuwa ustadi una daraja, na kuwa aliye katika daraja ya kwanza hana haja ya kuona haya kwa kuwa hajafika ya tatu.

Wala si lazima twende Uturuki kulijua hili. Katika vyuo vyetu vya zamani vya Qurani mtoto aliandika juu ya ubao, mwalimu akamsahihisha, kisha ubao ukaoshwa na kuandikwa upya. Hapana aliyeulilia wino uliooshwa, kwani herufi ilikwisha kubaki mkononi. Na mama wa kijijini Singida asukaye kikapu, akiona mstari umekwenda upande, huufumua hadi pale alipokosea, akaendelea; hakitupi kikapu motoni, wala hasemi kuwa yeye si msusi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Basi mwanafunzi na ashike mambo haya. Awe na daftari dogo asilomwonyesha mwalimu wala rafiki, achore humo kila siku jambo moja tu alilolipenda: umbo la jabali, paa la tembe, nakshi ya ukingo wa mkeka. Mchoro usiotolewa alama huufufua moyo. Aigawe kazi kubwa tangu wiki ya kwanza, ili asije akaibeba yote usiku wa mwisho. Baada ya Isha alale, na saa tulivu zilizo baada ya Alfajiri azifanye za kuchora. Sala tano azione kuwa ni rehema: kila adhana humwinua mezani, humwosha uso kwa udhu, na akirudi huiona kazi yake kwa jicho jipya. Akikosolewa aandike maneno yaliyosemwa juu ya kazi, yale tu, wala asiongeze juu yake hukumu ya nafsi yake.

Wanaokaa chumba kimoja wana wajibu pia. Salman (R.A.) alipomkuta ndugu yake Abu Dardaa akifunga kila mchana na kusimama kila usiku, alimzuia na kumlaza, akamkumbusha kuwa nafsi yake na watu wake wana haki juu yake, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Mwenye rafiki wa namna hiyo chuoni asimwache. Na ikiwa usingizi umepotea kwa majuma, au moyo umejaa giza lisiloondoka, kijana aende kwa tabibu kama aendavyo mwenye homa. Kutafuta dawa ni katika mafundisho ya dini yetu, wala hakuna aibu.

Neno la mwisho ni kwenu wazee. Mkulima wa Singida ana msimu mmoja tu wa mvua, na anajua kuwa shamba lilimwalo mwaka baada ya mwaka pasipo kutiwa samadi huzaa mabua matupu. Hulitia samadi ya ng'ombe wake, akalisubiri. Nanyi mtieni mwana wenu samadi. Mkimpigia simu, mwulizeni kwanza amelala vipi na amekula nini, ndipo mwulize habari za masomo. Msimkumbushe fahali aliyeuzwa. Anamkumbuka kila usiku kuliko mnavyomkumbuka ninyi. Mwambieni kuwa fahali yule alitolewa kwa radhi, na kuwa radhi hiyo haitaondoka kwa mchoro mmoja ulioharibika. Neno hilo moja huweza kumfungulia kamba ambayo yeye mwenyewe ameshindwa kuifungua.

Kipawa ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mwili unaokibeba ni amana vile vile. Haifai kuiteketeza moja ili kuilipia nyingine. Twamwomba Mola awape vijana wetu mikono mipole, macho yenye kupima sawa, na nyoyo zenye utulivu. Amin.