Jinsi Askari wa Wanyama Wanavyofundishwa Kazi

Mosocho, karibu na mji wa Kisii, si nchi ya tembo wala simba. Mashamba yamebanana vilimani, na kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Kwa sababu hiyo wazee wengi huona ajabu wasikiapo kwamba kijana aliyemaliza shule ataka kwenda kulinda wanyama. Hudhani kuwa kazi hiyo ni kubeba bunduki na kutembea porini tu, wala haihitaji elimu. Dhana hiyo si sawa.

Msafiri akiteremka kutoka Mosocho kuelekea magharibi hufika Homa Bay. Huko, katika Bonde la Lambwe, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilometa za mraba 120. Ndipo mahali pa mwisho katika Kenya alipobaki korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwa nyuma. Askari wa Ruma hana budi kujua kuwahesabu wanyama hao na mahali wanapozalia. Moto uliowashwa kwa wakati wake huotesha majani mabichi. Uliowashwa ovyo huwaua ndama waliofichwa na mama zao nyasini. Mambo hayo hayajulikani kwa kubahatisha.

Zamani za ukoloni Idara ya Wanyama iliwaandika watu hodari wa kufuata nyayo, ikawapa sare na bunduki. Ujuzi wao wa pori ulikuwa mkubwa, lakini vyeo vya juu vilishikwa na Wazungu. Mwezi wa Septemba 1961 ulifanyika mkutano mkubwa Arusha, na Mwalimu Julius Nyerere akatangaza kwamba kuhifadhi wanyama kwahitaji wataalamu na watu waliofundishwa. Mwaka 1963 Chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mkuu wake wa kwanza akiwa Hugh Lamprey. Vijana wa nchi nyingi za Afrika walipata huko elimu ya kuwa mabwana nyama katika nchi zao. Mwaka 1966 kikafuata chuo cha Pasiansi, karibu na Mwanza, kwa ajili ya askari wenyewe.

Kenya nayo ilijifunza kwa hasara. Mwaka 1973 tembo wake walikadiriwa kupita 160,000. Kufikia mwaka 1989 hawakufika hata 20,000, kwa sababu ya majangili. Mwaka huo sheria ikaunda Shirika la Wanyamapori, maarufu kwa jina la KWS. Askari wake hufundishwa Manyani, kando ya barabara ya Mombasa, mahali palipokuwa na kambi ya wafungwa wakati wa hali ya hatari katika miaka ya 1950. Mafunzo ya elimu ya wanyama na mazingira hutolewa Naivasha. Walinzi wa misitu nao wana chuo chao Londiani, katika Kaunti ya Kericho.

Je, wanafundishwa nini? Kwanza ni nidhamu, gwaride na silaha, kwa maana majangili huja na bunduki. Pili ni kusoma ramani, kufuata nyayo, na kumtibu mwenzao aliyejeruhiwa mbali na hospitali. Tatu ni sheria. Askari akikamata pembe ya tembo, lazima aandike imepatikana wapi, saa ngapi, na imepita katika mikono ya nani mpaka ifike mahakamani. Karatasi moja ikikosekana, mshtakiwa aweza kuachiliwa, na kazi ya usiku kucha ikawa bure.

Nne ni kuishi vema na raia, na somo hili ndilo linalowagusa wananchi zaidi. Watu wa Kisii wenye jamaa upande wa Trans Mara wajua jinsi tembo waingiavyo usiku katika mahindi. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na isiyozidi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hupelekwa mbele ya kamati ya kaunti. Kamati haikuwapo porini siku ya msiba, hutegemea maandishi. Askari aliyefundishwa hupima nyayo, humtambua mnyama, huwauliza mashahidi na kuandika yote kwa usahihi. Asiyefundishwa huandika maneno mawili matatu, na mjane hurudi nyumbani mikono mitupu.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Mnyama akileta madhara, habari ipelekwe upesi kwa chifu au kwa ofisi ya KWS. Nyayo zisikanyagwe wala kufutwa kabla askari hajazipima. Vyeti vya daktari vihifadhiwe, na askari aombwe nakala ya taarifa aliyoiandika.

Wazazi wa Mosocho wenye kijana apendaye kazi hii wasimkataze, wala wasimwambie kwamba masomo yake yatapotea. Hesabu itamsaidia kuhesabu kundi la wanyama, jiografia itamwongoza katika ramani, na elimu ya viumbe itamfumbulia maisha ya pori. Na ile insha aliyoandika darasani itamwezesha kuandika taarifa ambayo kwayo mtu maskini atapata haki yake.