Sura yake unaijua, jina hulijui: Pete Postlethwaite alikuwa nani?

Kwenye The Lost World: Jurassic Park (1997) kuna mwindaji anaitwa Roland Tembo. Kwenye Inception (2010) kuna tajiri mzee anayekata roho kitandani. Wengi wameangalia muvi zote mbili bila kugundua kwamba huyo ni mtu mmoja.

Ni Pete Postlethwaite, aliyezaliwa mwaka 1946 mjini Warrington, Uingereza. Alianza kama mwalimu, kisha akasomea uigizaji Bristol na kupanda jukwaani kwenye ukumbi wa Everyman, Liverpool.

Staa wa filamu huuzwa kwa jina na sura yake. Postlethwaite alikuwa wa kundi jingine: wale wanaopewa nafasi ya baba, wakili, padri au mfungwa, na kazi yao ni kukufanya uamini kwamba mtu huyo yupo kweli. Ukimsahau mwigizaji ukamkumbuka mhusika, basi kazi imefanyika.

Mtihani wake mkubwa ulikuja mwaka 1993 kwenye In the Name of the Father. Alimcheza Giuseppe Conlon, mtu wa kweli kutoka Belfast. Giuseppe alisafiri kwenda London kumsaidia mwanawe aliyekamatwa kwa kesi ya mabomu, naye akakamatwa na kufungwa. Alifariki mwaka 1980 akiwa bado mfungwa. Hukumu yake ilikuja kufutwa mwaka 1991, wakati yeye yuko kaburini.

Nafasi kama hiyo ukiiongezea chumvi, unamdhulumu marehemu mara ya pili. Postlethwaite aliicheza taratibu: baba mgonjwa, mpole, mcha Mungu, asiyeyumba. Akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora msaidizi, ingawa tuzo ilikwenda kwa Tommy Lee Jones.

Steven Spielberg, aliyemuongoza kwenye The Lost World na Amistad, alimsifu kuwa huenda ndiye mwigizaji bora duniani.

Hata Kenya imo kwenye kazi zake. The Constant Gardener (2005), ambayo sehemu yake ilipigwa Kibera na Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, inahusu kampuni inayojaribia dawa kwa Waafrika maskini. Yeye anacheza daktari anayeijua siri hiyo na kubanwa na dhamira.

Umaarufu haukumtenga na jukwaa. Mwaka 2008 alirudi Liverpool, kwenye Everyman ileile, kucheza King Lear. Alifariki Januari 2, 2011 kwa saratani, akiwa na miaka 64.

Unataka kumjua vizuri? Anza na In the Name of the Father, halafu angalia Brassed Off (1996), anapokuwa kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ya mawe ambao mgodi wao unafungwa. Ukimaliza, jiulize kama ungewatambua wawili hao kuwa ni mtu mmoja.