Bundi juu ya Mabati

Hapana, hatakufa mtu. Au tuseme vizuri: watu watakufa, kama wanavyokufa kila siku, lakini yule ndege hahusiki. Swali hili nimelijibu sokoni Kadutu, hapa Bukavu, nimelijibu ndani ya gari la kwenda Katana, nimelijibu hata matangani huku nimeshika sahani ya bugali. Mara ya mwisho, ile iliyonifanya nishike kalamu, tulikuwa kwenye kinamasi cha Musisi, upande wa milimani wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi na wazazi wachache kumtafuta ndege mdogo wa kahawia aitwaye Bradypterus graueri, mwenye jina la Grauer kama ngagi wetu, asiyeishi popote duniani isipokuwa kwenye vinamasi vya milimani vya Congo, Rwanda, Burundi na Uganda. Ni ndege wa kusikika kuliko kuonekana. Tulichuchumaa saa nzima kwenye matope, baridi inapenya mabuti. Mwishowe akaimba, mara mbili, karibu kabisa. Na papa mmoja, badala ya kutega sikio, akaniinamia: "Mwalimu, jana usiku bundi alilia juu ya mabati yetu. Mama mkwe ni mgonjwa. Tufanye nini?"

Mpelekeni hospitali, nikamwambia. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Basi tupige hesabu, maana heshima peke yake haijawahi kumshawishi mtu. Chukua mji wa watu milioni moja. Bukavu imeshapita hapo. Chukua vifo 9 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, kiwango kisicho cha kutisha kwa nchi yetu. Utapata vifo 9,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya 24 kila siku, bundi alie asilie. Sasa ongeza bundi mwenyewe. Hulia mara kadhaa kwa usiku mmoja, na kule Kadutu ukuta wa jirani ndio ukuta wako, kwa hiyo mlio mmoja unaingia masikioni mwa mamia ya watu. Hao mamia wana shangazi, wajomba, mashemeji, wengine wako Walungu, wengine Kabare, wengine wamehamia Goma au Kinshasa. Kundi kubwa namna hiyo likikaa wiki nzima bila kupokea simu ya msiba, hapo ndipo ningeanza kuamini miujiza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalipendi wakiambiwa. Ni nani aliye macho saa nane za usiku? Ni nyumba yenye mgonjwa. Taa inawaka, mtu anachemsha maji, mwingine anakaa kitandani akihesabu pumzi za mzazi wake. Majirani wote wamelala fofofo, na bundi huyohuyo amelia juu ya mapaa yao pia, ila hawana habari. Mgonjwa akifariki, familia inarudi nyuma: "Unakumbuka juzi alivyolia?" Akipona, nani atakumbuka? Hakuna aliyewahi kuandaa karamu ya kusema bundi alilia na bibi akapona.

Huwa nawaomba watu waandike. Daftari la shule, safu mbili: usiku aliolia, na msiba uliotokea nyumbani ndani ya siku saba. Wengi hukataa, wanaona kuandika ni kumwalika. Mama mmoja jirani yangu alikubali, akaandika tangu mvua za Septemba mpaka Krismasi. Kurasa zilijaa milio. Aliyekufa katika muda wote huo ni jogoo, na yeye alikufa tarehe 24 Desemba kwa sababu zinazojulikana.

Hapo ndipo mtu huniambia: "Mwalimu, hayo ni mawazo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu." Pole sana. Wazungu waliogopa bundi kama sisi, na pengine zaidi. Huko Ufaransa, wakulima walikuwa wakimkamata na kumpigilia misumari kwenye mlango wa ghala, mabawa yamenyooshwa, ili kukinga radi na mikosi. Waarabu nao wanamwona nuksi; hata hivyo leo wakulima wa Jordan wanamwekea masanduku ya kutagia mashambani. Hawakubadilishwa na hotuba, walibadilishwa na mavuno. Mjini Johannesburg, katika kitongoji cha Alexandra kilichoelemewa na panya, watoto wa shule walipewa kazi ya kulea makinda ya bundi mpaka yaruke. Woga wao ulikuwa huuhuu wetu.

Na mila zenyewe tuziangalie vizuri. Nenda ufukweni, hata pale rasi ya Muhumba, umtazame fundichuma, yule wa rangi ya matope mwenye kichwa kama nyundo. Anajenga kiota cha vijiti maelfu, kikubwa kiasi cha kubeba uzito wa mtu mzima. Naye anaogopwa katika sehemu nyingi za Afrika: ukivunja kiota chake utapigwa na radi, utapata balaa. Kwa hiyo watu wanamwacha, na anastawi. Kichekesho ni kwamba fundichuma akihama, mara nyingi bundi ndiye huingia kwenye kiota kile. Ndege wawili, nyumba moja, hofu moja. Mmoja tunampisha, mwingine tunampiga kwa manati. Atakayenieleza mantiki ya hapo nitamnunulia samaki wa sambaza.

Sasa huyo anayelia ni nani hasa? Wa kwenye mabati na minara ya makanisa ni yule mweupeweupe mwenye uso wa umbo la moyo, Tyto alba. Huyu hapigi "huu-huu" kabisa. Anapiga ukelele mkali, kama kitambaa kinachochanwa, na makinda yake darini yanakoroma usiku kucha yakidai chakula. Ile sauti ya mtu anayekoroma juu ya dari ya nyumba isiyo na mtu juu ni makinda manne au matano yenye njaa. Wa "huu-huu", tena wawili wakijibizana kutoka mti hadi mti, ni bundi wa msituni, Strix woodfordii, anayependa miti mikubwa. Katika kujibizana huko dume na jike wanapatana mambo yao na kuwaonya jirani zao kuhusu mipaka. Wanapowinda wako kimya. Kingo za manyoya ya mabawa yao zina nyuzi laini zinazoua mvumo wa hewa, na yule mweupe ana sikio moja lililo juu kidogo kuliko la pili, hivyo mchakacho wa panya unasikika kwa nguvu tofauti kidogo katika sikio hili na lile, naye anaweza kumpata gizani kabisa bila kumwona. Kiumbe wa namna hiyo amekuja juu ya paa lako kwa sababu moja. Una panya.

Dawa za kumfukuza nazijua zote, nimeshauziwa nusu yake: chumvi motoni, pilipili motoni, mafuta ya taa kwenye nguzo, kitambaa chekundu. Hizo angalau zinamaliza chumvi tu. Wanaonichosha ni wale wanaolipa mtu ampige, amchome, kisha majivu yafukiwe mlangoni, na wale waganga wanaouza kichwa chake kama kinga. Bundi mmoja anakula panya watatu au wanne kwa usiku. Akiwa na makinda, anabeba zaidi ya hapo. Umemuua, umelipia kuuawa kwake, na panya wako wamebaki na mihogo yako. Kisha unanunua sumu ya panya, ile ya pakiti isiyo na jina, panya anatoka akiyumbayumba, na bundi wa jirani, aliyebaki, anamwokota. Amekufa wa pili. Paka wa watoto ndiye wa tatu.

Asiyeamini aokote lile donge jeusi la manyoya na mifupa chini ya mahali bundi anapolala. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga. Lilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu na kufunguliwa kwa kijiti. Darasa la sita wanaweza kulifanya. Wanahesabu mafuvu, wanabishana ni panya au ni kirukanjia, na wakitoka hapo hawarushi mawe tena. Nimefungua mengi. Sijakuta jina la mtu hata moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkoa huu ndio wenye bundi ambaye wataalamu wa ndege duniani wangetoa macho yao kumwona. Mwaka 1951, pale Muusi kwenye milima ya Itombwe, alipatikana bundi mmoja ambaye hakuwahi kujulikana na sayansi. Alipelekwa makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na mwaka uliofuata Henri Schouteden akamwandika kwa jina Phodilus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine, aliyefanya kazi kwenye migodi ya huku na kuwa na kichaa cha ndege. (Ndugu yake Ilya alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977, lakini huku kwetu mwenye ndege ndiye mkubwa.) Baada ya hapo, kimya. Miaka 45 nzima, mpaka mwaka 1996, jike mmoja aliponaswa kwenye wavu wa watafiti kusini-mashariki mwa Itombwe, akapigwa picha na kuachiwa. Wawili tu mikononi mwa wataalamu. Vita na ubovu wa njia vina sehemu yao katika hilo. Lakini nauliza: wanakijiji wangapi wamemsikia, wakafunga mlango, wakatia chumvi motoni na kunyamaza? Ndege asiyetajwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hakuna anayegundua siku aliyokwisha.

Kwenye vinamasi vyenyewe yuko mwingine, Asio capensis, wa kahawia, macho meusi. Huyu huruka jua likiwa bado halijazama, chini chini juu ya majani, na kwa hiyo analaaniwa mara mbili: ni bundi, tena wa mchana. Anataga chini, ndani ya majani. Unapochoma kinamasi wakati wa kiangazi ili upande kabichi, kiota chake ndicho kinachotangulia kuungua, na yule mdogo wa Grauer naye hana pa kujificha. Sikulaumu kwa kutafuta shamba, Kabare na Walungu zimejaa watu. Nasema tu choma upande mmoja, bakiza mwingine, na acha ukanda wa matete kando ya maji, ambao hata hivyo ndio unaokuchujia udongo usiishie ziwani.

Nafasi yangu inakwisha, kwa hiyo haraka. Hutaki bundi darini: subiri makinda yaruke, wiki nane au tisa hivi, kisha ziba matundu kwa wavu wa chuma. Unamtaka: sanduku la mbao, tundu la sentimita 13 kwa 13, juu mita nne au zaidi, mgongo kwa mvua, mbali na barabara. Mahindi na maharage kwenye pipa lenye kifuniko, siyo magunia sakafuni. Sumu, acha, mitego ipo. Ukipata kinda chini, lirudishe juu au liweke kwenye tawi, mama yake yuko karibu, na halihitaji maziwa. Kwenda kinamasini: fika alfajiri au saa kumi na moja jioni, nguo za rangi ya majani, simu kimya, usimulike taa machoni, usicheze sauti ya ndege kwa simu ili kumwita. Musisi usiende bila walinzi wa hifadhi, na uulize kwanza kwenye ofisi ya hifadhi pale Tshivanga kama njia inapitika wiki hiyo. Ikiwa haipitiki, ufukwe wa ziwa unatosha kuanzia: mdiria, mnandi, fundichuma, na jioni popo.

Ukimsikia au kumwona bundi, niletee tarehe, saa, mahali, na sauti ilivyokuwa, hata kwa kuiga mdomo. Jina la mgonjwa halihitajiki.