Heshima Kazini (Sehemu ya Tatu): Kipande na Cheti

Nyongeza ya asilimia 6 ya kima cha chini cha mishahara nchini Kenya, iliyotangazwa Mei Mosi 2024 na kuanza kutumika Novemba mwaka huo, ilijadiliwa kana kwamba ari ya kazi hupimwa kwa shilingi pekee. Mwanasaikolojia Herzberg, ambaye nadharia yake ilielezwa katika sehemu zilizotangulia, alishikilia kwamba mshahara mzuri huondoa manung'uniko tu, ilhali bidii huzaliwa na kutambuliwa na kuaminiwa; na Thika na Ruiru, zilizokuwa nchi ya mibuni na mikonge kabla ya viwanda, zina ushahidi uliotangulia kitabu chake cha 1959.

Ushahidi huo ni kipande. Sheria yake ilipitishwa na serikali ya kikoloni 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikamlazimu mwanamume Mwafrika, tangu umri wa miaka 16, kubeba kila alipotoka kwao hati yenye alama za vidole, iliyotiwa katika kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni mfano wa njuga ya mbuzi. Humo mwajiri aliandika mshahara, hivyo mlowezi wa pili hakuwa na haja ya kumpandishia mtu ujira. Na kibarua aliyeondoka shambani bila kutiliwa sahihi alihesabiwa mtoro, akasakwa na kushtakiwa. Walowezi hao hao walilalamika kwamba Mwafrika ni mvivu! Mwanaharakati Harry Thuku alipinga kipande mwaka 1921 pamoja na mpango wa kupunguza mishahara kwa thuluthi, na ifahamike kwamba alidai fedha na utu kwa pamoja, wala hakukubali kimoja kiwe fidia ya kingine.

Kinyume cha kipande ni cheti cha utumishi, yaani hati ambayo kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka baada ya kutumika angalau majuma manne mfululizo. Hutaja aina ya kazi, mahali na tarehe, bila kutaja mshahara. Kifungu cha 37 nacho humwinua kibarua wa siku ambaye siku zake mfululizo zimetimia mwezi, awe mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi.

Waajiri wa Thika na Ruiru wanaolalamikia uzembe na waanzie kwenye cheti, kwani anayekinyima kwa makusudi au kwa kupuuza anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, kufungwa hadi miezi sita, au vyote viwili.